Vijidudu vya Barabara ya Umbilo

Mgeni akija Durban huonyeshwa ufukwe, uwanja wa Moses Mabhida, kisha hukalishwa mahali ale bunny chow, ule mkate unaotobolewa na kujazwa mchuzi wa Kihindi. Mimi wageni wangu kutoka Tanga nawapeleka Barabara ya Umbilo. Wananishangaa. Ni barabara ya magereji, maduka ya vipuri na malori ya bandarini. Hakuna cha kupiga picha. Lakini kwa mtu wa maabara kama mimi, kile kipande cha Congella kinastahili ziara kuliko bahari, na bahari hata Tanga ipo.

Pale ipo Hospitali ya King Edward VIII, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya wagonjwa ambao hospitali za Wazungu hazikuwapokea. Ukivuka kidogo unakuta chuo cha udaktari kilichoanza mwaka 1951 kwa wanafunzi wasio Wazungu. Leo kinaitwa Nelson R. Mandela, na mwanaharakati Steve Biko alikuwa mwanafunzi wake hadi alipofukuzwa mwaka 1972. Ndani ya kiwanja hichohicho limesimama jengo la utafiti wa kifua kikuu na UKIMWI, lililofunguliwa mwaka 2012. Unaweza kuyazunguka yote matatu kwa miguu bila kutoka jasho, labda iwe Februari. Na sijui mtaa mwingine Afrika uliofundisha mengi kiasi hicho kuhusu namna bakteria wanavyozishinda dawa zetu, na namna wanavyogawiana ushindi huo.

Somo la kwanza lilikuja mwaka 1977, na lilimhusu nyumokokasi. Huyu ndiye bakteria anayeleta sehemu kubwa ya nimonia. Akipenya kwenye damu na kufika kwenye utando wa ubongo huleta homa ya uti wa mgongo. Watoto wengi humbeba puani wakiwa wazima kabisa, wanacheza. Tangu miaka ya 1940 penisilini ilikuwa ikimmaliza bila shida, hata maabara nyingi hazikuona haja ya kumpima dhidi ya dawa hiyo. Ilikuwa ni kupoteza sahani. Mwaka 1967 watafiti wa Australia walimkuta mmoja aliyehitaji penisilini nyingi kuliko kawaida, wakakuta wengine huko New Guinea. Waliandika, watu wakasoma, shughuli zikaendelea. Usugu wenyewe ulikuwa mdogo. Ukiongeza dozi, alikufa.

Mwaka 1977 maabara ya Durban ilipata kitu tofauti. Peter Appelbaum na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet habari za watoto wachache waliolazwa wakiwa na nyumokokasi ambaye hakusikia penisilini, na hakusikia kloramfenikoli pia, dawa ambayo daktari aliishika pale penisilini iliposhindwa. Baadhi ya watoto hao walikufa.

Kazi yenyewe ni ya mikono, na haijabadilika sana. Unapaka bakteria kwenye sahani yenye damu, unaweka juu yake vidiski vya karatasi vilivyolowekwa dawa, unaifungia kwenye kabati la joto hadi kesho yake. Asubuhi unaitazama kwenye mwanga. Dawa ikiwa na nguvu, diski inazungukwa na duara tupu. Ikishindwa, bakteria wanakuwa wameota mpaka ukingoni mwa karatasi. Mimi na kizazi changu tumeziona sahani za namna hiyo hadi zimekuwa jambo la kawaida. Huwa najaribu kumfikiria aliyeishika ile ya kwanza pale Durban, akaigeuza, akadhani labda diski imeharibika, akarudia kipimo.

Wenzao wa Johannesburg, Michael Jacobs na Hendrik Koornhof wakiwa miongoni mwao, walianza kumtafuta bakteria huyo katika hospitali zao na wakampata kwa wingi. Ripoti yao ya mwaka 1978 ndiyo iliyoitikisa dunia. Wengine kati ya bakteria hao walikuwa sugu kwa penisilini, kloramfenikoli, tetrasaiklini, erithromaisini na klindamaisini kwa mpigo. Walipopima pua na makoo hospitalini, asilimia 29 ya watoto 543 walikuwa wamembeba. Kwa wafanyakazi 434 ilikuwa asilimia 2 tu. Zilinganishe hizo namba mbili. Bakteria alikuwa anatembea kutoka mtoto hadi mtoto, kitanda hadi kitanda, katika wodi za watu weusi ambako vitanda havikuwahi kutosha. Huku Durban nako, manesi wastaafu wa King Edward husimulia wagonjwa waliolazwa sakafuni katikati ya vitanda, na wagonjwa wawili waliogawana godoro moja. Serikali iliyopanga nani akae mtaa gani ilipanga pia nani apumue pua kwa pua na nani.

Sasa niulize: ni mtoto gani kati ya wale aliyeacha dozi njiani? Penisilini yao ilichomwa sindano na nesi, kwa saa, kwa cheti cha daktari.

Nauliza kwa sababu mpaka leo, Durban na Tanga vilevile, ukitaja usugu wa dawa jibu huwa tayari mdomoni: wagonjwa hawamalizi dozi. Lawama hiyo ina umri wa penisilini yenyewe. Desemba 1945, Alexander Fleming alipotoa hotuba yake ya Nobel, alimbuni bwana mmoja anayeumwa koo. Bwana huyo ananunua penisilini, anakunywa kidogo isiyotosha, anawafundisha bakteria wake kuistahimili dawa, kisha anamwambukiza mkewe, na mke anakufa kwa nimonia isiyotibika. Walimu wetu walikishika kipande cha kwanza cha hadithi hiyo na kutukaririsha. Kipande cha pili walikisahau: aliyekufa siye aliyeitumia dawa vibaya.

Kuna mama mmoja kutoka Uvira anayesuka nywele maeneo ya Point, ambako Wakongomani wengi wanaishi, na akisikia mtu anafanya kazi ya maabara anamfanya daktari. Alinionyesha vidonge vya rangi mbili vilivyomfikia kutoka kwao kwenye kifuko cha nailoni, bila jina wala tarehe.

“Papa,” akaniambia, “hiyi dawa mwili yangu imeshaizowea. Unitafutie ya nguvu.”

“Mama, mwili hauzoei dawa. Wanaozoea ni vijidudu.”

“Sasa vijidudu si viko ndani ya mwili yangu?”

Aliuliza vizuri kuliko wanafunzi wengi wa mwaka wa pili. Viko ndani ya mwili wake, ndiyo, lakini havikuanzia humo na havitaishia humo. Na ili kueleza namna vinavyopata nguvu hizo inabidi kurudi nyuma, kwenye jaribio lililofanywa miaka mingi kabla wale watoto wa mwaka 1977 hawajazaliwa.

Mwaka 1928, huko London, Frederick Griffith alikuwa akifanya kazi na nyumokokasi wa aina mbili: mmoja mwenye koti laini, anayeua panya, na mwingine asiye na koti, asiyeua. Aliwaua kwa joto wale wenye koti, akawachanganya na wale wapole walio hai, akawachoma panya mchanganyiko huo. Panya wakafa. Ndani ya damu yao alikuta bakteria walio hai na wenye koti. Walio hai walikuwa wamechukua kitu kutoka kwa maiti. Mwaka 1944 Oswald Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty wa New York walithibitisha kwamba kitu hicho ni DNA, yaani vinasaba. Elimu yote ya vinasaba tunayojivunia leo, ya kutafuta baba wa mtoto na ya kukamata wauaji, ina mizizi kwa huyuhuyu mdudu wa nimonia. Griffith mwenyewe hakuiona siku hiyo. Aliuawa na mabomu ya Wajerumani London mwaka 1941. Na inanifurahisha, ingawa haina uzito kwenye hoja, kwamba mwaka huohuo wa 1928, katika mji huohuo, Fleming aligundua penisilini. Dawa na siri ya kuishinda zilionekana mwaka mmoja, na ikachukua miongo mingi watu kuzioanisha.

Walioziunganisha walitumia bakteria wa Afrika Kusini. Mwaka 1980, Alexander Tomasz na mwenzake huko New York waliwachunguza nyumokokasi sugu waliotoka huku wakaona kwamba zile protini ambazo penisilini huzishika ili kumuua bakteria zilikuwa zimebadilika umbo, dawa ikakosa pa kushika. Mwaka 1989, kundi la Brian Spratt na Christopher Dowson nchini Uingereza lilisoma jeni zenyewe. Walikuta jeni zenye viraka. Kipande hiki ni cha nyumokokasi, kinachofuata si chake kabisa, kisha chake tena. Ni kama gari la fundi wa gereji mjanja: bodi ni lake, lakini injini ameing'oa kwenye gari la ajali lililotelekezwa uani. Baadaye ilionekana kwamba vipande vingi vilitoka kwa ndugu zake wanaoishi vinywani mwetu, hasa Streptococcus mitis, ambaye kwa kawaida hamdhuru mtu.

Watu wengi hawajaifikisha hoja hiyo mwisho. Ukimeza kidonge cha kuua vijidudu kwa ajili ya kidonda cha mguu, dawa haiendi mguuni peke yake. Inapita kinywani, kooni na tumboni, inawakuta mamilioni ya bakteria wasio na kosa, na kati yao wanabaki wale wanaoistahimili. Hao hawakuumizi. Wanakaa tu, miezi. Siku nyumokokasi akipita kooni, mmoja wao akifa na kupasuka, vinasaba vyake vinaelea, na nyumokokasi anaokota. Kwa hiyo hata aliyemaliza dozi yake hadi kidonge cha mwisho amechangia. Anachangia zaidi aliyepewa dawa ambayo hakuihitaji kabisa, ya mafua kwa mfano, ambayo husababishwa na virusi na ambayo penisilini haiwezi kuyafanya lolote. Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza waliandika waziwazi katika jarida la BMJ kwamba kwa magonjwa mengi ya kawaida hakuna ushahidi kuwa kuacha dawa mapema, ukiwa umepona, ndiko kunakoleta usugu, na kwamba kumeza dawa kuliko unavyohitaji ndiko kunakoongeza hatari. Kelele zilipigwa. Mimi nilikubaliana nao, isipokuwa kwa ugonjwa mmoja ambao nitaufikia, na ambao nao wenyewe waliuweka kando.

Kuna njia nyingine ya bakteria kugawiana usugu, ya haraka zaidi, na Durban ililipia kuijua mwaka 2005. Katika Hospitali ya Mahatma Gandhi Memorial, kitongoji cha Phoenix kaskazini mwa mji, watoto wachanga walianza kufa katika chumba cha waliozaliwa kabla ya wakati. Kabla mlipuko haujazimwa walikuwa wamekufa zaidi ya 20. Bakteria alikuwa Klebsiella, wa aina inayotengeneza kimeng'enya kinachozikata dawa za jamii ya penisilini na nyingi za zile zilizobuniwa kuchukua nafasi yake. Uchunguzi wa watu wa chuo cha Umbilo ulifuatilia hadi kwenye maji ya glukosi ya dripu: watoto walikuwa wakiongezewa uchafu kwa mrija, pamoja na uhai.

Klebsiella haokoti kwa maiti. Jeni zake za usugu mara nyingi zimo kwenye plasmidi, vipete vidogo vya vinasaba vinavyojitegemea, na bakteria mmoja akigusana na mwingine humpitishia nakala kwa mrija mwembamba. Anayepokea hahitaji kuwa wa jamii yake. Wajapani walilifahamu hilo mwishoni mwa miaka ya 1950 walipokuwa wakihangaika na kuhara damu: usugu kwa dawa nne ulikuwa ukihama mzimamzima kutoka bakteria wa kawaida wa utumbo kwenda kwa bakteria wa ugonjwa, ndani ya tumbo la mtu mmoja. Msomaji wa Goma atakumbuka upande wake wa habari hiyo. Katika kambi za wakimbizi za mwaka 1994, baada ya kipindupindu ilikuja kuhara damu, na dawa za kawaida zilipotolewa hazikufua dafu.

Ugonjwa niliouweka kando ni kifua kikuu.

Bakteria wa TB ni mpweke. Haokoti vipande kwa wenzake, hapitishi vipete. Usugu wake hutokea ndani ya ukoo wake mwenyewe: anapojigawa hukosea kunakili, mara moja katika mamilioni, na kosa fulani humfanya aistahimili dawa fulani. Pafu lililotoboka lina bakteria wengi kiasi kwamba makosa hayo hayakosekani. Ndiyo maana TB hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Anayeiponyoka moja anakamatwa na nyingine. Na ndiyo maana kwa TB dozi inamalizwa, miezi yote, hakuna mjadala. Kwetu, Karel Styblo, Mcheki aliyesaidia kujenga mpango wa taifa wa Tanzania kuanzia mwaka 1978, alionyesha kwamba nchi maskini inaweza kumfuatilia mgonjwa hadi kidonge cha mwisho, na Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu ule likausambaza kila bara. Sina la kuupunguzia heshima.

Lakini hata kwenye TB, hadithi ya mgonjwa mzembe haitoshi, na ushahidi uko saa chache za gari kutoka Umbilo.

Msinga ni nchi ya vilima vikavu, mawe na mbuzi, joto linalokausha koo. Mto Thukela unapita katikati, na kando yake upo mji mdogo wa Tugela Ferry wenye hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Scotland. Mwaka 2005 daktari Tony Moll na wenzake waliona jambo lisiloeleweka. Wagonjwa walioanza kutumia ARV, ambao miili yao ilikuwa imeanza kujaa tena, walikuwa wanakufa kwa TB wakiwa katika matibabu ya TB. Makohozi yalipelekwa Durban, kwenye maabara ya chuo, kwa Willem Sturm. Kati ya Januari 2005 na Machi 2006 walipimwa watu 1,539. TB iliota kwa 542. Kati yao 221 walikuwa na TB sugu kwa isoniazidi na rifampisini, dawa mbili zinazobeba matibabu yote. Na 53 kati ya hao walikuwa na bakteria aliyezishinda pia dawa za mstari wa pili.

Walikufa 52 kati ya 53. Nusu yao walikufa ndani ya siku 16 tangu makohozi yao yachukuliwe. Mtu wa maabara akiisoma namba hiyo anashika kichwa, kwa kuwa kuotesha TB na kuipima dawa ilichukua wiki nyingi. Jibu lilifika wodini mgonjwa akiwa ameshazikwa.

Habari hizo zilitangazwa Agosti 2006 kwenye mkutano mkuu wa UKIMWI huko Toronto. Magazeti yalikimbilia neno la vifo. Namba ambazo mimi nazishikilia ni nyingine, na zimo katika ripoti hiyohiyo ya Neel Gandhi, Gerald Friedland na wenzao: kati ya wale 53, zaidi ya nusu ya ambao historia yao ilijulikana hawakuwahi kutibiwa TB maishani mwao. Theluthi mbili walikuwa wamelazwa hospitalini katika miaka miwili iliyotangulia. Wote waliopimwa virusi vya UKIMWI walikuwa navyo. Wafanyakazi wa hospitali walikuwemo. Na wengi wa wagonjwa hao walikuwa na bakteria wa ukoo mmoja. Maana yake ni kwamba hawakuuzalisha usugu ule vifuani mwao kwa kutupa vidonge. Waliuvuta kwa pumzi, ukiwa tayari umekamilika, kwenye wodi ndefu ambamo mwenye kikohozi alilazwa kando ya mwenye kinga iliyoporomoka.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulirudia swali hilohilo kwa wagonjwa 404 wa jimbo zima la KwaZulu-Natal wenye TB sugu ya kiwango hicho. Asilimia 69 walikuwa wameambukizwa ikiwa tayari sugu.

Sasa ule ukoo wenyewe ulizaliwa lini? Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa lile jengo la Umbilo, walisoma vinasaba vyote vya bakteria zaidi ya 300 wa jimbo hili na kuhesabu kurudi nyuma, kosa moja la kunakili baada ya jingine. Kosa la kwanza, lile la kuishinda isoniazidi, lilitokea karibu mwaka 1957. Isoniazidi ilianza kutumika mwaka 1952. Rifampisini ilipofika, zaidi ya muongo mmoja baadaye, ilimkuta bakteria aliyekwisha kuvua pingu ya kwanza. Kwa mgonjwa wa namna hiyo ilipigana karibu peke yake, na haikuwepo maabara iliyomwambia daktari hivyo. Ukoo ukaendelea kujiongezea kinga, dawa baada ya dawa, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa umekamilika. Ulikaa kama miaka kumi Msinga na kwingineko kabla mtu hajaupa jina. Kila dawa mpya iliyoletwa kwa pupa bila vipimo iliuongezea ngazi.

Kwetu Tanzania wagonjwa wa TB sugu walianza kutibiwa Kibong'oto mwaka 2009, chini ya Kilimanjaro, katika hospitali iliyoanza mwaka 1926. Wazee waliochagua mahali pale walitaka hewa. Hawakuwa na dawa hata moja ya TB, walikuwa na upepo na madirisha makubwa, na kwa suala la kumkinga mgonjwa wa kitanda cha pili walikuwa wanajua walichokifanya. Nimewahi kuingia kliniki moja, nisiitaje, ambayo madirisha ya chumba cha kusubiri yalikuwa yamepigiliwa misumari kwa kuogopa wezi. Watu wamebanana kwenye mabenchi, wanakohoa, na ukutani kuna bango kubwa la rangi linalomwambia mgonjwa amalize dozi yake. Bango lile halina uongo. Lakini nyundo ya kung'oa misumari ingeokoa wengi kuliko wino wake.

Yapo yaliyofanyika vizuri, na sitaki msomaji adhani Durban ni mji wa maiti tu. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuamua kwamba mgonjwa wa TB sugu apewe vidonge vya bedakwilini badala ya zile sindano za miezi mingi zilizowaacha wengi viziwi. Kipimo cha jeni kinatoa jibu la rifampisini kwa saa mbili, si wiki. Lakini dawa mpya ni dawa tu. Bedakwilini nayo imeshaanza kuzoewa na baadhi ya bakteria, kama zote zilizoitangulia.

Kilichompiga nyumokokasi wa 1977 hakikuwa dawa. Ilikuwa chanjo. Kati ya aina zaidi ya 90 za bakteria huyo, iliyoenea mno katika hospitali za Afrika Kusini mwaka ule ilikuwa ile inayoitwa 19A. Chanjo ya kwanza iliyoingizwa katika ratiba ya watoto wa hapa mwaka 2009 haikuwa nayo. Iliyofuata mwaka 2011, PCV13, inayo. Ugonjwa mkali wa nyumokokasi kwa watoto wadogo ulishuka kwa kiasi kikubwa, na ule usiosikia penisilini ukashuka nao, kwa sababu mtoto asiyembeba bakteria puani hana wa kumpitishia jirani, awe sugu au mnyonge. Tanzania iliingiza PCV13 mwaka 2013. Mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, bure, kliniki yoyote ya serikali. Mwenye mtoto mdogo nyumbani aitoe kadi ya kliniki leo aangalie kama zile nafasi tatu zimejazwa, na ikiwa moja iko wazi, ampeleke.